Heroe Wamehama, Ziwa Lipo

Wapo wanaosema Hifadhi ya Ziwa Nakuru haina tena cha kutazama tangu heroe wapungue. Naona kinyume. Heroe hula mwani unaostawi katika maji ya magadi. Ziwa lilipofura miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, ndege wakafuata chakula kwingine, Ziwa Bogoria hasa. Maji yakameza lango kuu la zamani, na migunga iliyokufa ikabaki imesimama ziwani, myeupe kama mifupa, minandi wakianika mabawa juu yake. Bonde la Ufa linabadilika hapo, mlangoni pa jiji.

Hoja yao nzito zaidi ni pesa: kiingilio, na gari pia, maana palipo na vifaru na simba hutembei ovyo kwa miguu. Nyayo Gardens, bustani ya katikati ya mji, haina masharti hayo. Kweli, lakini hiyo ni ya kupumzisha miguu. Hifadhi hii ya mwaka 1968 imepakana na mitaa, na uchafu wa Nakuru, iliyopandishwa kuwa jiji mwaka 2021, huteremkia ziwani; mkazi ana la kujionea. Majirani wakichangia matatu moja, nauli hugawanyika, na raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mtalii.