Mistari Miwili Iliyobomoa Ulinzi

Askari mwema hang'oi kigingi asichojua kilipigiwa nini. Kanuni hiyo, ambayo sisi wa vikosi vya ulinzi tunaifahamu tangu siku za kuruti, yawahusu pia mafundi wanaotunza programu za kufichia habari.

Ndugu wasomaji, kompyuta zinapopelekeana habari za siri hutegemea fungu la programu lililoandikwa tayari, liitwalo maktaba. Iliyo mashuhuri ni OpenSSL, iliyoanzishwa mwaka 1998. Ndani yake mna mistari mingi ya zamani, iliyoandikwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali.

Mwaka 2006 fundi mmoja wa mfumo wa kompyuta uitwao Debian alitaka kuisafisha, kwa kuwa chombo cha kukagulia makosa kiliilalamikia mistari miwili. Aliuliza kwanza, wala hakukatazwa, akaiondoa. Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya namba za kubahatisha ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo! Ulipoondoka, bahati iliyosalia ilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila programu inapoanza kazi, nayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Basi kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, adui alibakiwa na funguo 32,768 tu za kujaribu, kazi ndogo mno kwa mashine. Kasoro hiyo ilikaa takriban miaka miwili, hata ikatangazwa Mei 2008, na funguo zote dhaifu zikapaswa kutupwa na kutengenezwa upya.

Je, mistari ya zamani isiguswe kamwe? La hasha. Mwaka 2014, baada ya kasoro nyingine ya OpenSSL iitwayo Heartbleed kufichuliwa, mafundi wa mfumo wa OpenBSD waliinakili maktaba hiyo, wakaiita LibreSSL, na katika juma la kwanza wakaondoa mistari ipatayo 90,000, mingi ikiwa ya kuhudumia mashine zilizokwisha kuachwa. Mistari ya namna hiyo huficha makosa kama majani marefu yafichavyo nyoka kando ya lindo.

Kwa hiyo hapana budi kufyeka, lakini hapana budi pia kuandika. Sisi hatupokezani zamu bila kitabu cha matukio. Vivyo hivyo, kila mstari wenye kazi ya ulinzi na uandikiwe kando yake sababu ya kuwapo, ili ajaye kesho na panga lake ajue mti upi ni nguzo.