Mbega: Mtoto mweupe anayelelewa na kundi zima

MZAZI, ukimpeleka mtoto kwenye msitu wa Mlima Kilimanjaro upande wa Marangu au Machame, mwambie atazame juu. Huko kwenye matawi ndiko anakoishi mbega, mnyama wa jamii ya kima mwenye manyoya meusi, na mengine meupe marefu yanayoning'inia ubavuni kama shali. Mkia wake una kishungi kikubwa cheupe.

Mtoto wa mbega huzaliwa baada ya mimba ya takriban miezi sita, akiwa mweupe mwili mzima na uso wa rangi ya waridi. Hubadilika na kufanana na wakubwa akifikisha miezi mitatu hadi minne. Katika kipindi hicho majike wengine kundini humpokea na kumbeba, mama naye akapata nafasi ya kula. Kina mama wengi wanajua thamani ya msaada wa namna hiyo.

Chakula chake kikuu ni majani. Tumbo lake limegawanyika vyumba, na ndani yake kuna bakteria wanaochachusha majani hayo hadi yalainike. Kazi hiyo huchukua muda, ndiyo maana mbega hutumia zaidi ya nusu ya siku akiwa amepumzika. Mtoto akisema, "Huyu mvivu," mweleze kwamba tumbo lake liko kazini.

Hapo ndipo wema wetu unapoweza kumdhuru. Ndizi mbivu, mkate na biskuti vina sukari na wanga unaochacha haraka mno tumboni mwake. Tumbo hujaa gesi na asidi, na mbega anaweza kuugua hata kufa. Anaweza kuipokea ndizi kwa hamu kabisa, lakini hilo halina maana kwamba inamfaa.

Zamani mbega aliwindwa kwa ajili ya ngozi yake. Ilivaliwa na wapiganaji na wacheza ngoma, na mwishoni mwa karne ya 19 ngozi nyingi zilisafirishwa Ulaya kutengenezea mavazi. Leo tishio kubwa ni shoka na moto. Mti kwake ni chakula, kitanda na njia. Matawi yasipogusana, hulazimika kushuka chini, kwenye mbwa na magari. Msitu huohuo ndio unaotunza maji ya vijiji na mashamba yaliyo chini ya mlima, kwa hiyo hasara haimpati mbega peke yake.

Kabla ya safari, kubalianeni na watoto mambo matatu:

• Chakula chetu kinabaki kwenye mfuko.
• Hatupigi kelele wala kurusha mawe.
• Tunahesabu vidole. Mbega hushika tawi kwa vidole vinne. Kidole gumba chake ni kinundu tu.

Atakayemwona mtoto mweupe wa kwanza ndiye atakayesimulia nyumbani.