Fahamu: Katuni za mgeni kutoka nyota na asili ya binadamu

Hadithi za katuni zinazomchora mgeni wa sayari nyingine akimfinyanga binadamu wa kwanza zilipata nguvu baada ya mwandishi wa Uswisi, Erich von Däniken, kudai katika kitabu cha mwaka 1968 kwamba viumbe wa anga za mbali waliwahi kuitembelea dunia.

Kwa mkazi wa Kinondoni au Temeke, jijini Dar es Salaam, ushahidi wa kuyapima madai hayo hauko mbali, kwa kuwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, inahifadhi fuvu la Zinjanthropus, zamadamu (yaani kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi kabla ya binadamu wa leo) aliyegunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Fuvu hilo, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75, lina magego mapana na tuta la mfupa utosini lililoshikilia misuli mikubwa ya taya.

Nyayo za zamadamu wa kale zaidi huko Laetoli, zilizobaki katika majivu ya volkano kwa takribani miaka milioni 3.6, zinaonyesha kwamba kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa. Mabadiliko hayo ya polepole, yaitwayo mageuko, yanaeleweka bila kumhitaji fundi kutoka nyota, ingawa katuni yake inaweza kuendelea kuchekesha.