Ya dunia: nani ana ruhusa ya kuiacha?

Kisiwani Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliuonya moyo wake katika Al-Inkishafi: dunia hadaa, tazama majumba ya matajiri yalivyogeuka magofu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi akiwa mgonjwa. Usia wake? Tafuta radhi ya Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Pepo ni humo humo nyumbani.

Sasa vuka bahari hadi India. Sanyasini, mwanamke wa Kihindu anayeacha mume, dhahabu na jina, huhesabiwa kama aliyekwisha kufa. Mwanamume akiondoka, eti mcha Mungu. Mwanamke akiondoka: na watoto je?

Dada, mbona hata kumtafuta Mungu tuombe ruhusa?