‘Mara kwa mara’ ni mara ngapi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea hojaji aliyoitafsiri kwa Kiswahili, ya kupima watu hushikwa na hofu ya ghafla mara ngapi. Swali la kwanza lilikuwa: “Je, wewe hupata mshtuko mara kwa mara?” Nikamwambia, hebu keti kwanza.

Tuanze na ‘mshtuko’. Mwananchi akilisikia neno hilo atawaza mshtuko wa moyo, au alivyoruka gurudumu la matatu lilipopasuka. Wanachokusudia madaktari ni hofu kali inayomjia mtu ghafla, ikafikia kilele kwa dakika chache, pamoja na dalili zisizopungua nne: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, pumzi kubana, kizunguzungu, kuhisi kwamba anakufa. ‘Wasiwasi’ nao haufai, kwa kuwa unaweza kumkaa mtu mwezi mzima, na kisicho na mwanzo wala mwisho hakihesabiki. Mimi napendelea ‘shambulio la hofu’, ingawa wapo watakaodhani umevamiwa na majambazi. Ndiyo maana kipimo cha PDSS, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997, katika toleo la kujijazia hueleza kwanza shambulio ni nini kabla ya kuuliza idadi.

‘Mara kwa mara’ sasa ndiyo balaa. Kwa huyu ni kila uchao. Kwa yule ni mojamoja, baada ya muda. Mama aliyeshikwa mara mbili kwa mwezi na kijana anayeshikwa kila siku watatia alama kisanduku kimoja, na daktari atawaona sawa. Uliza hivi: “Katika siku saba zilizopita, ulishikwa mara ngapi?” Halafu acha nafasi ya nambari.

Hata hivyo kumbukumbu hukuza mambo, hasa ya kutisha, ndipo watafiti wengine huwapa watu daftari la kujaza siku iyo hiyo. Daftari nalo lina mtego wake. Kuna mashambulio yanayomwamsha mtu usingizini. Ukiandika ‘usiku wa Ijumaa’, mzee wa Lamu anayehesabu siku kuanzia magharibi atajaza usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwenzake wa bara atajaza ule wa kuamkia Jumamosi. Tukaandika ‘kuamkia’ kote.

Katika majaribio, mhojiwa mmoja alikuwa amejibu, “Mimi huwa roho juu tu.” Huyo nilimwambia mwanafunzi amrudie, amuulize: ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi?