Pokémon: Zimwi Lipi la Kubeba, Lipi la Kuacha?

Je, umewahi kumsikia mtoto wako akitaja Pikachu, Charizard au Mewtwo, ukadhani hao ni wachezaji wa kandanda wa ng'ambo? Usishangae. Hayo ni majina ya mazimwi katika mchezo wa video uitwao Pokémon. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, wamo vijana wanaoyataja bila kusita.

Ni kweli kwamba katika kumbi za mtaani zenye PlayStation, ambako mtoto hulipia kila mechi, kandanda ndiyo hutawala. Lakini Pokémon ni mchezo wa nyumbani. Huchezwa kimya kimya, aghalabu kwenye simu ya mzazi iliyotiwa programu ya kuiga mashine za zamani, au kwenye mashine ya mtumba. Hauishi kwa dakika kumi bali huchukua siku nyingi. Ndiyo maana mzazi hana budi kuuelewa, kwani kinachotumika hapa ni wakati wa mtoto, chaji ya simu na subira ya nyumba nzima. Mtoto anayechagua mazimwi yake kwa busara humaliza safari. Anayechagua ovyo hukwama, akaanza upya, na likizo ikapita hivyo.

ULIKOTOKA

Mchezo huu ulibuniwa na Mjapani Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu viungani mwa jiji la Tokyo, kabla ya majumba kuchukua nafasi ya mashamba na vidimbwi. Mkazi wa Eastlands aliyeona viwanja vya watoto vikigeuka magorofa ataielewa hamu hiyo mara moja.

Pokémon ilianza kuuzwa Japani Februari 1996. Mwaka wa 1998 ilifika Marekani ikiwa na matoleo mawili, Red na Blue. Tangu hapo yametoka mengine mengi, lakini leo tuzungumzie hayo mawili, maana ndiyo yaliyoujulisha mchezo huu kwa ulimwengu.

Mchezaji husafiri mji hadi mji akikamata mazimwi na kuyafunza. Anapaswa kuwashinda viongozi wanane wa kumbi, kisha mabingwa wanne, na mwishowe bingwa mkuu. Mazimwi ni 151, lakini huwezi kutembea na zaidi ya sita kwa wakati mmoja. Tena kila zimwi hukumbuka mbinu nne tu. Basi ni yapi yatakayokufaa? Yapime kwa maswali manne.

UTALIPATA LINI?

Vijana wengi husifu Mewtwo, na kwa nguvu halina mpinzani. Lakini pango linamokaa halifunguki mpaka uwe umekwisha kumshinda bingwa mkuu. Maana yake ni kwamba zimwi lenye nguvu kuliko yote halikusaidii hata hatua moja ya safari. Ni kama mvua inayonyesha baada ya mavuno.

Tazama pia mwanzo wa safari, ambapo mchezaji huchagua zimwi moja kati ya matatu: Bulbasaur la majani, Charmander la moto na Squirtle la maji. Watoto wengi huvutiwa na Charmander kwa sababu hatimaye hugeuka Charizard, zimwi lenye mabawa na moto mkali. Hata hivyo, kiongozi wa kwanza, Brock, hutumia mazimwi ya mwamba, na wa pili, Misty, hutumia ya maji. Yote hayo yanautesa moto. Bulbasaur, kwa upande wake, linayashinda ya Brock na ya Misty, na akija wa tatu, Lt. Surge wa umeme, majani huvumilia umeme. Kwa anayeanza, hilo ndilo la kuchukua.

LITAKUGHARIMU NINI?

Karibu na mlima Mt. Moon yuko mzee anayeuza samaki aitwaye Magikarp kwa pesa 500 za mchezo. Samaki huyo hajui lolote ila kurukaruka. Mtoto asiye na subira humwona amepunjwa. Lakini akifunzwa hadi kiwango cha 20, Magikarp hugeuka Gyarados, mojawapo ya mazimwi ya kutisha katika safari nzima. Njia ya kumlea ni kumtanguliza vitani, kisha kumwondoa mara moja na kuingiza mwingine apigane, nao wawili wagawane ujuzi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa mfugaji wa kuku atanielewa. Hununui kifaranga kwa kukitazama kilivyo leo. Unapiga hesabu ya chakula chake, siku zake na mayai yake. Kama unaweza kumlisha mpaka akomae, mnunue. Kama huwezi, mwache.

LITAFANYA KAZI GANI NJIANI?

Safari si vita tu. Kuna miti ya kukatwa, mapango ya kumulikwa, miamba ya kusukumwa na bahari ya kuvukwa. Kazi hizo zina mbinu zake tano, nazo ni Cut, Fly, Surf, Strength na Flash. Katika matoleo haya ya kwanza, zimwi likishafunzwa mojawapo haliwezi kuisahau. Ukiitia mbinu ya kukata miti kwenye zimwi lako bora la vita, umeipoteza nafasi moja kati ya nne daima.

Kwa hivyo usilidharau Pidgey, ndege mdogo unayemkuta kwenye barabara ya kwanza kabisa. Likifunzwa Fly hukurudisha mji wowote uliowahi kufika, kama matatu isiyosimama njiani. Halikadhalika Lapras, unalopewa bure ndani ya jumba la kampuni ya Silph. Hilo hukuvusha maji, husukuma miamba, na barafu yake huyaangusha majoka ya Lance, wa mwisho kati ya mabingwa wanne.

LINAMHITAJI NANI?

Swali hili la nne ndilo wengi husahau, na ndilo linalomgusa zaidi mtoto wa nyumba yenye simu moja. Yako mazimwi manne, Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter, ambayo hayafikii umbo lake la mwisho mpaka yabadilishwe na mchezaji mwingine. Hapo zamani hiyo ilimaanisha mashine mbili za Game Boy na waya wa kuziunganisha. Isitoshe, baadhi ya mazimwi yamo kwenye Red pekee, na mengine kwenye Blue pekee.

Mwenye rafiki na mashine ya pili atayafurahia. Lakini kijana anayesubiri mama arudi kutoka kazini ili apate simu kwa saa moja asijenge kikosi chake juu ya mtu asiyekuwapo. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Kadabra linafaa hata likibaki lilivyo, kwani mbinu zake za akili huyashinda mazimwi ya sumu yanayojaa njiani, na linaweza kumulika pango. Machoke na Graveler ambayo hayatabadilishwa yana thamani ndogo zaidi.

KIKOSI CHETU

Baada ya kuyapima hayo yote, hiki ndicho kikosi tunachompendekezea anayecheza peke yake: Bulbasaur la kuanzia na la kukata miti, Pidgey la usafiri, Magikarp kwa mwenye subira, Diglett, ambalo limejaa tele katika pango lililo karibu na mji wa Lt. Surge na ambalo umeme haulidhuru kamwe, Kadabra, na Lapras. Hamna hata moja linalohitaji bahati kubwa wala mashine ya pili, na kazi zote tano za njiani zimepata mwenyewe.

Sasa, mzazi, kabla ya kumnyang'anya mtoto simu Jumapili hii, mwulize swali moja: "Mwanangu, kwa nini umechagua haya sita?" Akikujibu kwa kutaja tu yale yanayosifiwa na wenzake, mna la kuzungumza. Akikueleza alilipata lini, litamgharimu nini, litafanya kazi gani na kama linamtegemea mtu mwingine, basi mpe dakika zake zilizobaki na umhimize amalize.

Maana maswali hayo manne atakutana nayo tena, wakati wa kuchagua masomo, biashara, hata marafiki. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nasi twaongeza kwamba zimwi unalolijua wewe, ukajua na gharama yake, ndilo litakalokufikisha.