Ngege wa Kahendero na mbia wao kiboko

Alfajiri mwaloni Kahendero, bei huanza kubishaniwa kabla mtumbwi haujafungwa. Mchuuzi humfunua ngege shavu: matamvua yakiwa mekundu, huyo ni wa kuuzwa mbichi Kasese mjini, yakififia, ni wa moshi au chumvi. Kando, kongoti wamesimama kimya wakingoja matumbo.

Kijiji hiki ni miongoni mwa vijiji vya wavuvi vilivyozungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda. Nafasi ya kulima na kufuga ni finyu, hivyo karo, dawa na unga hutoka majini, katika Ziwa George. Samaki waliokaushwa husafiri mbali zaidi: hupita Bwera hadi soko la Mpondwe, wakavuka mto Lhubiriha kuingia Kasindi, Congo. Huko muuzaji hukokotoa bei kwa shilingi na faranga kwa pamoja.

Ziwa lenyewe ni dogo: takriban kilomita za mraba 250, kina cha wastani mita 2.4. Utajiri wake umo katika mwani unaoyapaka maji rangi ya kijani. Mapema miaka ya 1970 watafiti walithibitisha hapa kwamba ngege humeng'enya mwani huo. Rutuba ya kuuotesha huletwa na mito ya Rwenzori, na pia na kiboko. Mnyama huyu hula nyasi kama kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha hurudi ziwani na kuziacha humo zikiwa mbolea. Mvuvi ana sababu ya kumwogopa, maana huchana nyavu, hupindua mtumbwi, huua. Hata hivyo, katika hesabu za mwalo yeye ni mbia anayeleta mtaji asidai riba.

Tangu enzi za ukoloni, shirika la TUFMAC lilipokuwa na kiwanda cha samaki Kasenyi, ziwa hili limekuwa na ukomo wa mitumbwi yenye leseni. Tatizo ni kwamba leseni huhesabu mitumbwi, na kokoro, wavu wa kukokotwa unaozoa vifaranga usiku, halimo katika hesabu hiyo.

Mbali sana na hapa, kwenye bahari za Antaktika, mkataba wa kuhifadhi viumbe wa baharini uliotiwa saini mwaka 1980 na kuanza kutumika 1982 uliliendea suala hilo la ukomo kwa mlango mwingine. Meli huko huvua krili, kiumbe afananaye na uduvi, ambaye ndiye chakula cha nyangumi, pengwini na sili. Kwa hiyo kiwango cha kuvua sharti kizingatie fungu la wanyama hao. Upande wa Atlantiki ya kusini kikomo kimekuwa tani 620,000 kwa msimu.

Kahendero haihitaji meli kulifuata wazo hilo. Kokoro likibaki nchi kavu na mazalia ya mateteni yakiachwa, fungu la ziwa limeshatengwa. La sivyo, sinia la Mpondwe litaendelea kujaa vifaranga, na mchuuzi atakuwa anauza leo mzigo wa mwakani, kwa bei ya kutupa.